Shajara ya mradi wa Safari ya Omena: tuuze au tusiuze

Kisumu, 10 Februari

Mchezo wetu wa kompyuta kwa watoto wa shule, Safari ya Omena, sasa unachezeka kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Mchezaji anaanzia Usenge, ufuoni mwa Ziwa Victoria, akiwa na shilingi 20,000, ananunua omena (dagaa), anaipeleka Nakuru kupitia Bondo, Kisumu, Ahero, Kericho na Mau Summit, anaiuza, kisha anahesabu faida au hasara. Unaendeshwa kwenye kompyuta za mitumba bila intaneti. Jambo hilo tulilikazania tangu siku ya kwanza, kwa sababu shule tunayofanyia majaribio haina bando la uhakika na stima huja na kwenda.

Tuko wanne: mimi ninayeandika msimbo, mwalimu wa Gredi ya 5, kijana wa michoro, na mama mmoja mchuuzi wa omena wa ufuo wa Dunga. Bei zote, nauli zote na mikosi yote ya mchezo imetoka kwenye daftari lake.

Wiki iliyopita tulipata barua pepe kutoka kwa wasambazaji wa programu za elimu walioko Nairobi. Wanataka kuununua mchezo mzima: jina, michoro, msimbo na haki zote, kwa malipo ya mkupuo mmoja. Pesa zenyewe si haba. Tumeomba muda hadi muhula wa pili. Wenzangu wameniachia kazi ya kusoma yaliyowapata waliotutangulia katika biashara hii, hasa MECC, shirika la kompyuta za shule la jimbo la Minnesota, Marekani, maana mchezo wetu umefuata nyayo za mchezo wao wa Oregon Trail. Nitayaandika humu humu pamoja na maendeleo ya kazi, ili siku ya kuamua sote tuwe tumesoma kitu kimoja.

14 Februari

Nianze na walivyoanza, kwa kuwa wao pia walianzia darasani.

Mwaka 1971 Don Rawitsch alikuwa mwanafunzi wa ualimu wa Chuo cha Carleton, yuko mazoezini Minneapolis, akifundisha historia darasa la nane. Alitaka watoto waelewe jinsi walowezi walivyohamia magharibi mwa Marekani, akaanza kuchora mchezo wa ubao. Wenzake wawili aliokaa nao nyumba moja, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa wakifundisha hisabati na walijua kuandika programu. Wakamwambia kwamba huu ni mchezo wa kompyuta. Waliuandika kwa muda wa wiki mbili hivi, na tarehe 3 Desemba 1971 watoto wakaucheza.

Hapakuwa na skrini. Kulikuwa na teletaipu, mashine ya kuchapa iliyounganishwa kwa simu na kompyuta iliyokuwa mahali pengine, na kila jibu lilitoka likiwa limechapwa kwenye karatasi. Mwaka ni 1847. Safari ni ya maili 2,040 kutoka Independence, Missouri, hadi Oregon City. Familia imebakiwa na dola 700 baada ya kununua gari la kukokotwa, na ni juu yako kuzigawa kati ya ng'ombe, chakula, risasi, nguo na mengineyo. Ukitaka kuwinda, unachapa neno BANG. Kompyuta inapima umelichapa kwa kasi gani na kama herufi zimekaa sawa. Mwenye mkono mzito analala njaa na familia yake.

Mashine ilikuwa moja na watoto wengi, basi wakagawana kazi wenyewe: huyu anachapa, yule anafuatilia ramani, mwingine anashika hesabu ya pesa. Muhula ulipokwisha mchezo ukafutwa kwenye kompyuta. Rawitsch akabaki na nakala ya karatasi.

Mwaka 1974 MECC ikamwajiri, naye akauingiza mchezo upya kutoka kwenye karatasi zile. Kisha akafanya jambo ambalo nalistahi kuliko yote katika historia hii. Alisoma shajara za walowezi wenyewe, akaangalia ni mara ngapi walipatwa na magonjwa, mvua kubwa, kuvunjika gurudumu au kupotea njia, akaupanga mchezo ufuate hesabu hizo. Mtoto aliyekwama njiani hakukwama kwa sababu mtu wa kompyuta alipenda iwe hivyo. Alikwama kwa kuwa watu wa kweli walikwama pale.

17 Februari

Jioni nimekwenda Dunga na kompyuta. Mama amecheza safari nzima kimya, kisha akafungua daftari.

"Mwanangu, huyu mtoto wako ananunua omena mwezi wa Mei kwa bei ya Januari."

"Ndiyo, Mama. Bei bado ni moja mwaka mzima."

"Mei ziwa limefungwa."

Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena upande wa Kenya husimamishwa ili samaki wazaane. Mchuuzi ama anakula akiba yake, ama anatafuta mzigo wa mbali kwa bei ya juu, ama anahamia biashara nyingine. Kwa hiyo mchezo unapata miezi, na mchezaji ataulizwa anaanza safari mwezi gani.

Amenieleza pia habari ya kuanika. Omena ikitoka ziwani inatandazwa chini juu ya nyavu, na jua likiwa kali inakauka haraka. Mvua ikiikuta ingali mbichi, inaharibika. "Hiyo si ya watu tena, ni ya kuku. Utaiuza, lakini utaiuza kwa machozi." Nimeweka tukio hilo kwa miezi ya mvua. Bei ya chakula cha kuku amenipa yeye.

28 Februari

Gredi ya 5 wamecheza leo, wawili wawili kwa kila kompyuta. Makelele yalimleta mwalimu wa darasa la jirani dirishani.

Nilikaa nyuma ya wasichana wawili, mmoja ana kipanya, mwingine ana karatasi na penseli. Walikuwa na magunia mawili, kila gunia gorogoro (makopo ya kupimia) 40. Walipofika Ahero, mto Nyando umefurika, na mchezo ukawapa njia tatu: kungoja siku mbili, kuzunguka kwa nauli kubwa, au kumlipa mwenye mkokoteni awavushe. Wakachagua mkokoteni. Robo ya gunia moja ikalowa. Mwenye penseli akaandika 40 gawa kwa 4, akapata 10, akatoa kwenye 80. Akaitazama 70 kwa muda mrefu, kisha akamwambia mwenzake: "Kwa hivyo hizi sabini ndizo zilipe za themanini." Wakapandisha bei ya gorogoro kabla ya kufika Kericho.

Hakuna aliyewafundisha hatua hiyo. Mwalimu alikuwa upande wa pili, akimjibu mvulana aliyefika Nakuru mikono mitupu.

"Tichaa, pesa zangu zimeenda wapi?"

"Zitafute kwenye karatasi yako."

Orodha ya marekebisho: herufi za bei ni ndogo mno, kitufe cha kurudi nyuma hakionekani, ukungu wa Mau Summit unaficha gari kabisa, kijana wa michoro aupunguze.

6 Machi

Sasa nafika mahali MECC ilipata nguvu. Haikuanzishwa na wafanyabiashara. Jimbo la Minnesota liliiunda mwaka 1973 ili shule za jimbo zima, za mjini na za mashambani, zipate kompyuta kwa usawa. Kompyuta ndogo zilipoanza kuuzwa, MECC ikaita zabuni, na mwaka 1978 ikaichagua Apple, kampuni changa wakati huo, ikaagiza kompyuta 500. Shule zikawa na mashine za aina moja, na michezo ikaandikwa kwa mashine hiyo hiyo.

Majimbo mengine yakaanza kuitaka. Hapa kuna jambo ambalo naomba wenzangu walisome mara mbili: wilaya ya elimu ililipa ada ya mwaka, kisha ikaruhusiwa kunakili diski kwa shule zake zote. Hapakuwa na kuhesabu kila diski. Kila mchezo ulikuja na mwongozo wa mwalimu. Ada hizo ziliiwezesha MECC kujilipia gharama zake yenyewe, na mwaka 1983 jimbo likaigeuza kampuni kamili, ingawa mwenyewe alibaki kuwa jimbo.

Toleo la Oregon Trail ambalo wengi wanalikumbuka, lenye rangi, lilitoka mwaka 1985 chini ya usanifu wa Philip Bouchard. Unachagua kazi yako: mfanyakazi wa benki ana dola 1,600, seremala 800, mkulima 400. Lakini mkulima akifika, alama zake zinazidishwa mara tatu. Nimependa haki iliyo ndani ya hesabu hiyo. Nimemwonyesha mwalimu, naye anataka tufanye vivyo hivyo: mwenye mtaji mdogo aanze na gunia moja, apate alama zaidi akirudi na faida.

10 Machi

Stima haikuwapo tangu asubuhi.

19 Machi

MECC haikuwa peke yake. The Learning Company ya California ilianzishwa na watu wa elimu na wa programu kwa pamoja, Ann McCormick akiwa mbele. Warren Robinett na Leslie Grimm walitoa Rocky's Boots mwaka 1982, ambamo mtoto anaunganisha vipande vya saketi vinavyofanya kazi mbele ya macho yake. Baadaye wakaja na Reader Rabbit, wa kujifunzia kusoma. Jan Davidson, mwalimu, alikuwa na Math Blaster, mchezo wa hesabu, mwaka 1983. Broderbund ya ndugu wawili, Doug na Gary Carlston, ilitoa Carmen Sandiego mwaka 1985, na ndani ya boksi mliwekwa kitabu cha takwimu za dunia ili mtoto apekue mwenyewe majibu ya jiografia.

Angalia ni akina nani. Karibu kila mlango unaobisha unafunguliwa na mwalimu, au mtu aliyekaa karibu sana na mwalimu.

27 Machi

Siku nyingi kidogo nimekuwa nikiikwepa sehemu hii kwa sababu inaniuma. Leo naiandika yote.

Mwaka 1991 jimbo la Minnesota liliiuza MECC kwa wawekezaji binafsi. Mwaka 1994 hisa zake zikaingia sokoni. Hadi hapo michezo iliendelea kutoka.

Jina lililogeuza mambo ni SoftKey, kampuni iliyotoka Toronto, mmoja wa waliokuwa usukani akiwa Kevin O'Leary, ambaye siku hizi watu wanamjua kama mwekezaji wa kwenye televisheni. SoftKey iliuza programu kwa bei ya kutupa kwenye maduka makubwa, sidi ndani ya kikasha chembamba cha plastiki. Mwaka 1994 iliungana na kampuni nyingine mbili za programu, WordStar na Spinnaker. Mwishoni mwa 1995 ikaitaka The Learning Company, ambayo ilikuwa imeshakubaliana kuungana na Broderbund. SoftKey ikapanda dau hadi Broderbund ikarudi nyuma. Ilikuwa dola milioni 606. Mwaka 1996 ikaichukua MECC kwa takriban dola milioni 370. Kisha ikajivua jina lake na kujiita The Learning Company, jina la wale iliowanunua. Mwaka 1998 ikamaliza kwa kuichukua Broderbund yenyewe, kwa zaidi ya dola milioni 400.

Kila ununuzi ulifuatwa na kupunguza watu. Mamia wakaachishwa kazi, na fedha za kubuni michezo mipya zikakatwa, kwa sababu mnunuzi hakuwa ananunua kazi ya kesho. Alinunua majina ambayo wazazi walishayaamini, na jina linaweza kuwekwa kwenye boksi jipya bila yule aliyelijengea heshima kuwapo.

Mwaka 1999 Mattel, watengenezaji wa wanasesere wa Barbie, wakainunua The Learning Company kwa takriban dola bilioni 3.5. Miezi michache tu, robo ya tatu ya mwaka huo huo, mahali walipotazamia faida ya dola milioni 50 hivi palitokea hasara ya milioni 105. Bei ya hisa za Mattel ikaporomoka. Mkuu wa kampuni, Jill Barad, akajiuzulu Februari 2000. Kabla mwaka 2000 haujaisha, Mattel wakaikabidhi kwa Gores Technology Group, kampuni ya uwekezaji, bila kupokea pesa taslimu, ila ahadi ya mgao wa faida ya baadaye, kama ingepatikana. Mwaka uliofuata michezo ya elimu ikahamia kwa Riverdeep ya Ireland.

Ofisi ya Minnesota, pale ambapo Oregon Trail ilikua, ilifungwa mwaka 1999.

Davidson alipita njia nyingine akafika karibu na hapo hapo. Kampuni yake ilinunuliwa mwaka 1996 na CUC International, ambayo baadaye ikawa sehemu ya Cendant, na mwaka 1998 ikagunduliwa kwamba vitabu vya hesabu vya CUC vilikuwa vya uongo kwa miaka.

2 Aprili

Tumekutana wanne, Dunga. Niliwasomea ya tarehe 27. Mama aliniacha nimalize.

"Waliouza walipata pesa zao?"

"Wa mwanzo walipata, Mama. Wengi wao vizuri."

"Na wale waliokuwa wanaukarabati mchezo?"

"Ofisi ilifungwa."

"Basi mimi nauliza hivi. Tukiuza, mwakani bei ya omena ikibadilika, nani atampigia nani simu?"

Kijana wa michoro alikuwa na hoja yake, na ina uzito. Ana kodi ya nyumba, kazi hii hajalipwa tangu aanze, na mkupuo ule ungemtoa kwenye madeni leo. Alisema tunazungumzia mabilioni ya Wamarekani ilhali sisi tuna mchezo mmoja na shule moja. Mwalimu akamjibu kwa upole kwamba hata wao walikuwa na mchezo mmoja na teletaipu moja. Hatukuamua. Tuliachana usiku.

11 Aprili

Ili nisimwonee mtu, niandike pia kwamba ulafi peke yake hauelezi anguko lile. Sidi zilishusha bei ya programu kila mahali. Wazazi waliozoea kulipa dola 40 au 50 kwa boksi wakaanza kuona mchezo kwa 10 au 20, na kwa bei hiyo huwezi kulipa walimu wa kuujaribu darasani mwaka mzima. Intaneti ikaingia majumbani na michezo ya bure. Duka kubwa lilitaka kile kinachouzika wiki hii. Kampuni iliyobaki na wabunifu wake ingepata taabu hiyo hiyo, lakini ingekuwa na watu wa kujibu. The Learning Company ilikuwa imeshawaaga wa kwake.

Na hapa kwetu tumeona upande mwingine wa jambo hilo hilo. Tangu 2016 serikali ilisambaza vishikwambi zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Vya shule yetu ya majaribio viko stoo, vingi betri zimekufa. Mwalimu anakumbuka kwamba masomo yaliyowekwa ndani hayakuweza kuguswa na mtu wa shuleni, hata palipokuwa na kosa dogo la hesabu. Viwili vilivyowaka tumevijaribu: mchezo wetu unafunguka, ila ni mzito kwenye ramani. Nimepunguza picha za njiani, sasa unakwenda.

30 Aprili

Tumeamua. Hatuuzi haki. Tunatoa leseni ya miaka miwili, isiyomfungia mtu mwingine mlango. Jina na msimbo vinabaki kwetu wanne kwa hisa sawa. Shule ikishalipa, inakili kwenye kompyuta zake zote. Mwalimu anaruhusiwa kubadilisha bei na matukio ili yafanane na kwao. Faili la bei nimelitenga nje ya msimbo, linafunguliwa kama jedwali la kawaida. Malipo ya kwanza yakija, kijana wa michoro analipwa kabla yetu sote. Hilo la mwisho lilipendekezwa na Mama, na hakuna aliyelipinga.

Barua imekwenda mchana.

9 Mei

Wamejibu. Leseni wameikubali, miaka miwili wameikubali. Kunakili wamekataa: wanataka walipwe kwa kila kifaa. Mwalimu ameandika jibu kwa mkono wake, ukurasa mmoja, akieleza darasa lake la watoto wawili kwa kompyuta moja na vifaa vinavyokufa katikati ya muhula. Tumeutuma kama ulivyo.

16 Mei

Wamekubali malipo kwa kila shule, lakini kwa kaunti tatu tu za majaribio: Kisumu, Siaya na Nakuru. Mwaka ukiisha tutazungumza upya. Tumetia sahihi.

Kazi zilizobaki kabla ya kukabidhi: mwongozo wa mwalimu una kurasa nane, ukurasa wa majibu haujaisha, alama za mwenye mtaji mdogo zijaribiwe na Gredi ya 5 Jumatano, bei za miezi ya kufungwa kwa ziwa ziingizwe, Mama ameshazileta, mwalimu mmoja wa Nakuru amekubali kutuandikia bei za soko la huko kila mwisho wa mwezi, nimtumie nauli ya mwezi wa kwanza.